Kugeuza darini kuwa chumba: kazi ipi itangulie?

mpango_kazi: Wakuu, nataka nafasi iliyo kati ya dari na paa iwe chumba cha mita 4 kwa 6. Kimo cha katikati ni mita 2.4. Nimepanga wiki sita: sakafu, ngazi, dirisha la paani, umeme, jipsamu, rangi. Mtiririko huu uko sawa?

kenchi_kwanza: Mkuu, injinia yuko wapi hapo? Mbao za dari kwa kawaida hupimwa zibebe dari tu. Zikikanyagwa kila siku hupinda, na nyufa hutokea chumba cha chini. Zinaongezewa mbao pana zaidi ubavuni, ncha zikae juu ya kuta. Kagua pia kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa): zikiwa na mbao za mshazari katikati, usikate hata moja, paa litabonyea. Zikilazimika kusukwa upya, wiki sita sahau. Kibali kiombwe kabla hujanunua msumari.

Halafu hiyo 2.4 si yako yote. Toa unene wa sakafu mpya, pamba ya kuzuia joto na jipsamu, ndipo upime tena.

fundi_sakafu: Toboa tundu la ngazi mapema, ila ngazi yenyewe isubiri. Plaiwudi ya 1.22 kwa 2.44 haikati kona ya ngazi! Pandisha mbao zote tundu likiwa wazi, kisha plaiwudi na jipsamu. Kwa mita za mraba 24 chukua plaiwudi 9 za milimita 18, upotevu umo. Jipsamu moja ya milimita 12.5 ni kama kilo 25. Ukirundika 20 sehemu moja umeweka nusu tani katikati ya mbao. Zitawanye kandokando ya kuta.

Gundi chini ya plaiwudi, skrubu kila sentimita 15 pembeni na 30 katikati, mwanya wa milimita 3 kati ya ubao na ubao. Bila hivyo sakafu italia kila hatua.

mpango_kazi: Ngazi nilitaka iibukie pembeni, niokoe nafasi.

kenchi_kwanza: Utagonga kichwa. Juu ya kila kidato ibaki angalau mita 2, kwa hiyo itokee chini ya kilele cha paa.

waya_na_pamba: Dirisha likatwe siku kavu na lifungwe siku hiyohiyo. Waya zitangulie, zipige picha, ndipo pamba. Acha sentimita 5 za hewa kati ya pamba na paa, la sivyo unyevu utaozesha mbao kimyakimya. Viungo vya jipsamu vinapakwa puti ya kuziba mara tatu, kila mkono (tabaka) ukauke siku nzima. Hiyo peke yake ipe wiki.