Gemu za zamani: ni akiba ya kesho au pesa iliyokufa?

Wadau, hili tulijadili waziwazi. Wako wanaonunua gemu za zamani wakiamini miaka ishirini ijayo watauza na kupata faida kubwa. Msimamo wangu ni huu: kama unatafuta pesa, kaa mbali. Kama unataka kucheza na kutunza, nunua sasa.

Mfano unaotajwa kila mara ni wa Julai 2021. Nakala ya Super Mario 64 ambayo plastiki yake haijachanwa iliuzwa dola milioni 1.56 kwenye mnada wa Heritage Auctions. Siku mbili kabla, nakala ya The Legend of Zelda iliyofungwa vilevile ilikuwa imefika dola 870,000. Sawa, lakini Super Mario 64 iliuza zaidi ya nakala milioni 11 duniani, kwa hiyo gemu yenyewe si adimu hata kidogo. Kilicholipiwa pale ni plastiki nzima na alama 9.8 kutoka kampuni inayokadiria ubora. Wewe mwenye kaseti iliyochezwa, bei ile haikuhusu.

Sasa itazameni hiyo Zelda kwa ndani. Kaseti yake ya NES, mashine ya gemu ya Nintendo ya miaka ya 1980, ina betri ndogo ya mviringo, imelehemiwa kwenye bodi, na kazi yake ni kushikilia ulipofikia ukizima mashine. Betri haijali kama boksi limefunguliwa au la, inaisha tu. Kuibadilisha ni lazima uchane plastiki, na ukiichana tu, ile thamani uliyoilipia imeondoka. Yaani mmelipa pesa zote hizo kwa kitu ambacho hakiruhusiwi kutengenezwa! Mimi hapo ndipo ninaposhindwa kuwaelewa wawekezaji.

Na si betri peke yake. Kapasita (vijisehemu vya kutunza chaji) za Game Gear, mashine ya mkononi ya Sega, huvuja na kula bodi, sauti ikafifia na skrini ikawa giza. Bunduki ya NES nayo inataka TV ya chogo: ukifyatua, skrini inakuwa nyeusi kufumba na kufumbua, shabaha inawaka nyeupe, na kihisi kilichomo kwenye mtutu kinausoma mwanga ule papo hapo. Skrini bapa inachelewa, kwa hiyo unakosa kila shabaha hata ukilenga vizuri.

Kuna atakayesema kitu kikizeeka hupanda bei. Mbona kaseti nyingi za Atari 2600, mashine ya 1977, bado ni rahisi kuliko za konsoli zilizokuja miaka mingi baadaye? Anayenunua anatafuta utoto wake. Kizazi hicho kikishaacha kununua, wajukuu hawana deni la kumbukumbu zake. Ongeza kopi feki, hasa za Pokémon za Game Boy Advance, ambazo usipofungua kaseti na kuikagua bodi ni rahisi kudanganyika.

Hata hivyo siwaungi mkono wanaosema emyuleta, yaani programu zinazoiga mashine za zamani kwenye kompyuta au simu, zimemaliza habari. Mwaka 2023 Video Game History Foundation, shirika linalohifadhi historia ya gemu, ilionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 haziuzwi tena kwa njia rasmi. Mwaka huohuo Nintendo ilifunga maduka ya mtandaoni ya mashine zake za 3DS na Wii U. Mwaka 2024 kampuni ya Ubisoft ilizima seva za The Crew, gemu yake ya mbio za magari, na waliokuwa na diski mkononi hawakuweza tena kuicheza. Kaseti ya zamani haiombi ruhusa ya seva yoyote, na kwangu hiyo ndiyo thamani yake halisi. Ndiyo maana naona fundi anayejua kulehemu atatafutwa kuliko mwenye kabati la maboksi.

Mnaotunza maboksi yaliyofungwa, nijibuni: siku mnunuzi akitaka kuhakikisha gemu inawaka, mtamruhusu afungue?