Kobe anatoa povu puani na baridi ya Julai imezidi: nimlaze juu ya nini, na joto liwe ngapi?

Mama_Kui (Uthiru), Jumanne usiku

Habari zenu. Naomba msaada, na ukiwa wa haraka nitashukuru zaidi.

Nina kobe wa madoa, huyu wa mbuga zetu, Stigmochelys pardalis. Ana miaka miwili hivi, gamba sentimita 11, kama kisahani cha chai. Nilimpokea Aprili kutoka kwa shangazi yangu wa Kibwezi ambaye umri umemwelemea. Mambo ya kibali tuliyamaliza na KWS, shirika la wanyamapori, kabla hajapanda gari, kwa hiyo hapo msiwe na wasiwasi.

Anaishi sebuleni, kwenye kreti ya mbao ya mita moja kwa nusu mita, chini ni saruji. Nimemtandikia maranda ya kwa seremala, kina cha vidole vitatu. Nilisoma kwamba kobe wachanga wanataka unyevu, basi kila asubuhi nayanyunyizia maji. Juu kuna balbu ya wati 60, naizima nikienda kulala.

Tangu wiki jana anadonoa tu chakula na kukiacha. Jana nilimwinua nikaona povu dogo kwenye tundu la kushoto la pua, linavimba na kupasuka kila anapotoa pumzi. Leo yako mawili, na akipumua nasikia sauti nyembamba kama filimbi iliyoingia maji. Nimeenda agroveti, duka la dawa za mifugo, kijana akaniuzia sindano ya minyoo ya mbuzi, akasema mnyama ni mnyama. Bado sijamdunga, roho inakataa.

Niondoe maranda niweke nini? Na joto liwe kiasi gani? Huyu kobe shangazi alimpenda sana, sitaki aniharibikie mikononi.

Tabibu_Kabete

Mama Kui, kabla ya maranda, soma jina kwenye hiyo chupa. Ikiwa imeandikwa ivermectin, usimdunge kamwe. Kwa mbuzi na ng'ombe ni dawa nzuri, kwa kobe ni sumu: misuli inalegea, anapooza, anashindwa hata kupumua. Hata tone usijaribu.

Povu na mluzi ni mambo ya njia ya hewa na mapafu. Kobe hawezi kukohoa kama sisi, kwa hiyo makamasi yakishaingia ndani hayana pa kutokea. Usingoje yakauke yenyewe. Kesho asubuhi mpeleke kwa daktari aliyezoea wanyama watambaao. Uko Uthiru, kitivo cha mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko hapo Kabete, anzia huko. Mbebe ndani ya katoni, pembeni uweke chupa ya maji ya moto uliyoizungushia taulo. Wala usimpe dawa za kuku zilizobaki kabatini.

Mama_Kui

Nimesoma. Ndiyo hiyo hiyo. Mikono inanitetemeka hapa ninapoandika. Asante sana daktari, saa mbili asubuhi nitakuwa langoni.

Nyasi_Kavu (Rongai)

Pole sana Mama Kui, na umeshukuriwa na huyo kobe kwa kusikiliza roho yako.

Nafuga watatu wa aina hiyo kwa kibali, huu ni mwaka wa tisa, na nimeshawahi kumzika mmoja kwa kosa linalofanana na lako. Ulichosoma kuhusu unyevu ni kweli. Kobe mchanga akikulia mahali pakavu, gamba huota vichuguu badala ya kukua bila matuta. Mwaka 2003 kulichapishwa utafiti juu ya kobe wa Saheli ulioonyesha kuwa ukavu wa hewa ulichangia hilo kuliko protini ya chakula. Lakini unyevu unataka joto kando yake, usiku na mchana. Ukiuweka na baridi, mapafu ndiyo yanayolipa.

Fikiria mtungi. Maji ya mtungini hupoa kwa sababu yanayopenya ukutani hukauka na kuondoka na joto. Maranda uliyoyanyunyizia maji yanafanya kazi hiyo hiyo chini ya tumbo la kobe wako, na saruji inamalizia. Kwa hiyo usipime hewa ya chumba. Tafuta kipimajoto cha waya, ncha yake uizike mahali anapolala, usome saa kumi na moja alfajiri. Namba hiyo ndiyo hali yake halisi.

Utaambiwa kwamba wenzake wa Mbuga ya Nairobi wanalala nje Julai hii hii. Ni kweli, na wangu wakubwa wanalala kibandani bila taa wakati wa kiangazi. Ila mkubwa ana kilo kadhaa, siku nzima ameota jua, jioni anaingia chini ya kichaka kikavu na joto lake linampeleka hadi asubuhi. Wako ana kama robo kilo. Anapoa upesi kama kikombe cha chai.

Joto ninalowawekea wa umri huo: pahali pa kuotea, chini ya taa, nyuzi 32 hadi 35. Upande wa joto 28 hadi 30, upande wa pili 24 hadi 26 ili achague mwenyewe. Usiku nisikute chini ya 20, na kwa huyu mgonjwa mimi ningeshikilia 25 mpaka daktari aseme vingine. Na kobe wa madoa hana usingizi wa majira ya baridi kama wale wa Ulaya, kwa hiyo akizubaa Julai usiseme amelala tu. Anaganda.

Maranda yatupe yote. Mengi ya kwa maseremala wetu ni saipresi, na yale ya mtarakwa ni mabaya zaidi: ile harufu nzuri ni mafuta yanayochoma njia ya hewa, na yakilowa yanaota ukungu. Tumia makumbi ya nazi yaliyosagwa, yale ya tofali yanayoitwa kokopiti, wanaotumia kuotesha miche wanayauza. Chagua yasiyotiwa mbolea. Loweka, suuza mara mbili kwa maji safi maana huwa na chumvi, kisha kamua. Changanya na udongo wa juu wa shamba lisilopigwa dawa, nusu kwa nusu, kina cha sentimita nane hadi kumi. Ukishika konzi ukaminya, ushikamane bila kudondosha hata tone. Baadaye maji uyamwage pembeni yazame chini, juu pabaki pakavu. Usinyunyizie tena.

Halafu inua kreti kutoka sakafuni. Matofali manne na kipande cha godoro kuukuu chini yake vitakusaidia kuliko taa ya pili.

Mchanga_Safi (Syokimau)

Mimi naweka mchanga mtupu wa mtoni na sijaona shida. Hauoti ukungu na kinyesi kinazolewa kwa urahisi.

Nyasi_Kavu

Ndugu yangu, mchanga mtupu kwa kobe mdogo wa umri huu naupinga. Anakula kilichoanguka chini, punje zinaingia pamoja na majani na kujazana tumboni. Mkubwa huenda akazitoa, mdogo anaziba. Ukiendelea nao, chakula kiweke juu ya kigae. Na wewe wa Syokimau usije ukajaribu ule udongo mweusi wa huko: ukilowa unaganda miguuni, ukikauka unapasuka kama sahani.

Baba_Kuku (Kikuyu)

Mimi ni wa vifaranga, lakini taa nazijua. Tumia soketi ya kauri, ya plastiki itayeyuka. Ining'inize kwa mnyororo, isitegemee waya wa stima. Taa za vifaranga za wati 250 ni moto mno kwa kreti ya mita moja. Kwa usiku tafuta kipasha joto cha kauri kisichotoa mwanga, ukiunge kwenye kidhibiti joto kama vile vya mashine za kutotolesha mayai. Luthuli Avenue, mjini Nairobi, vipo, ila fundi wa stima akuungie.

Stima ikipotea: chupa za maji ya moto ndani ya soksi, blanketi juu ya kreti, uache nafasi ya hewa. Jiko la makaa usiliingize chumbani hata kwa dakika tano. Gesi yake itakuua wewe na kobe pamoja.

Tabibu_Kabete

Naongeza jambo la jua, kwa sababu watu hulikosea. Kobe anayewekwa dirishani anapata joto lakini hapati ile miali ya UVB inayomsaidia kujenga mifupa na gamba. Kioo kinaizuia. Nairobi tuko karibu kabisa na ikweta, kwa siku nyingi muda wa saa moja kwenye jua la nje utamtosha akiwa amepona, bora awe na kivuli cha kukimbilia na wavu juu. Mwewe wa mji huu hawasiti. Wakati huu wa mawingu atahitaji taa ya UVB.

Mama_Kui, Jumatano usiku

Tumetoka Kabete. Ni mapafu kweli, amepigwa picha na kuanzishiwa sindano. Daktari alisema tungechelewa wiki moja angekuwa na hadithi nyingine.

Alfajiri kabla hatujatoka nilizika ncha ya kipimajoto kwenye maranda. 13.8. Hewa ya sebuleni ilikuwa 18. Nililia, sitaficha.

Mama_Kui, wiki nne baadaye

Sindano ziliisha. Kreti iko juu ya matofali, kokopiti na udongo wa shambani kwa mama, kidhibiti nimekiweka 25 na alfajiri chini kunasoma 24. Kila siku ya pili namlowesha kwenye beseni la maji vuguvugu robo saa, maji yakiishia pale gamba la juu linapokutana na la chini, na anakunywa kwa muda mrefu huku shingo ameinyoosha. Jana alimaliza terere yote na jani la mpungate. Pua kavu zote mbili.

Swali moja limebaki. Jua likirudi nataka kumjengea uga mdogo nyuma ya nyumba. Mvua za vuli zikianza kuna la kuogopa mbali na baridi?

Nyasi_Kavu

Siafu. Mvua zikianza wanaingia usiku, na kobe mdogo hana mbio. Mchana akae nje, saa kumi jioni mrudishe ndani, na matofali ya kreti yasimamishe kwenye masinia yenye maji.