Nisaidieni: watu wangu wamegoma kula githeri ya kikapu

Mama Kiondo, Jumatano saa 2 usiku
Hamjambo nyote. Nakaa Kariobangi Kusini, orofa ya tatu. Tangu Januari nimeweka mtungi wa gesi kando na napikia kikapu. Nachemsha sufuria kwenye jiko la makaa, naifunika, naitumbukiza ndani ya kikapu kilichopangwa vitambaa na vipande vya godoro kuukuu, nafunga juu na mto, nalala. Asubuhi chakula kimeiva kwa joto lake chenyewe. Debe la makaa lililokuwa likiisha kwa siku nne sasa linafika kumi na mbili. Mahindi na maharagwe ya githeri nanunua Nyamakima, managu na terere natoa kwa mama mboga wa hapa chini, nashuka na mfuko wangu wa kitambaa. Mkate na soseji nimesahau vinauzwa wapi.

Shida ni kwamba watu wangu wamegoma. Jumatatu walikula wakasifu. Jana wakasema githeri inawasumbua tumbo, na leo wengi hawakuigusa. Kuna njia ya kupunguza gesi ya tumboni bila mimi kurudi kwenye gesi ya mtungi? Natanguliza shukrani.

Babu wa Kaloleni, saa 2:25
Mwanangu, githeri haijawahi kumdhuru mtu. Mama yetu aliinjika chungu juu ya mafiga matatu baada ya chai ya asubuhi na tukala jua likizama. Kesho yake ile iliyobaki ilikaangwa kwa kitunguu ikawa tamu kuliko ya jana. Hatukuwa tukichagua. Watoto wa leo wamezoea chipsi za jioni, ukiwapa nafaka nzima matumbo yanashangaa. Wape mwezi mmoja, wasibembelezwe.

Bi Majengo, saa 2:40
Shoga yangu, loweka usiku kucha, maji yale mwaga, usiyaonee huruma, weka mapya. Gesi nyingi inaondoka hapo. Mimi natia tangawizi iliyopondwa. Nami nilipata tabu na maharagwe nilipoolewa nikaja Pumwani kutoka Mombasa. Kule nilikuwa nikibandika baada ya adhuhuri na alasiri tunakula na nazi. Hapa saa zinapita, yamekaa kama kokoto. Nikaenda kumgombeza muuza nafaka kwamba kaniuzia ya zamani. Ni marehemu mume wangu aliyenieleza kwamba Nairobi iko juu sana, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na huku juu maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Nilirudi kumwomba yule mzee radhi.

Mkulima wa Gunia, saa 2:58
Nakupongeza kwa mfuko wa kitambaa. Agosti 28, 2017, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, mama mboga wetu alitufungia sukuma kwa gazeti wiki nzima na tukalalamika sana. Sasa mtaro wa nyuma ya ploti yetu unapitisha maji. Na hizo managu usinunue tena. Chukua gunia, simamisha kopo lisilo na kitako katikati, lijaze kokoto, zungushia udongo na samadi, vuta kopo juu kidogo, jaza tena hadi mdomoni. Toboa ubavuni, panda miche. Maji ya kuoshea mboga yanatosha kulinywesha. Mimi ninayo manne kwenye kibaraza na sijanunua sukuma tangu Pasaka.

Mpishi wa Shule, saa 3:10
Mama Kiondo, nimepikia wanafunzi mia tatu kwa miaka kumi na moja, naomba nikuulize kabla watu hawajaendelea. "Watu wangu" ni watoto wangapi? Sufuria ni ya lita ngapi? Na hilo tumbo linalosumbua, ni gesi, kuhara, au kutapika? Haya si mamoja.

Mama Kiondo, saa 3:31
Sikutaka kuandika mengi. Si watoto, wangu ni mmoja na yuko bweni. Ni wafanyakazi wa mjengo mmoja karibu na Barabara ya Outer Ring, watu 22. Nawapelekea chakula cha mchana, shilingi 70 sahani, na walinilipa wiki nzima mbele, 7,700.

Jana watano walitapika, kama saa mbili hivi baada ya kula. Mmoja alipelekwa zahanati. Jioni wote walikuwa wamesimama. Lakini pale mjengoni kuna tangi la maji ambalo halijaoshwa tangu lifike, na wanakunywa humo humo. Nyanya za kachumbari pia hawakuzitoa kwangu. Kwa hiyo sidhani ni githeri yangu, na mnielewe, siwezi kurudi nyuma. Kikapu cha pili nimeshanunua Kariokor, na sufuria ya lita 30. Kontrakta amesema Jumatatu niwaletee watu 40.

Babu wa Kaloleni, saa 3:36
Nafuta nililosema. Pesa ya mtu aliyebeba mawe tangu asubuhi ni amana. Simamisha kwanza.

Dada wa Kasarani, saa 3:44
Mama, una cheti cha afya cha kushika chakula? Kila anayepikia watu anatakiwa kupimwa. Dada yangu ana kibanda cha chapati na ndengu, siku maafisa wa kaunti walipopita aliyekuwa na cheti ndiye aliyeendelea kukanda. Nakuambia kwa mapenzi, kwa sababu watano wakitapika wanaweza kuja kuuliza.

Shahidi wa Mbali, saa 3:52
Mimi nasema hadithi hii imetungwa. Hesabuni. Amejiunga leo. Anajiita Mama Kiondo, yaani kikapu. Ujumbe wa kwanza ni sifa za kikapu, na debe la siku nne kuwa la siku kumi na mbili ni tangazo kabisa. Ametutilia watu wa mjengo ili tumhurumie. Kesho kutwa ataleta namba ya simu na bei ya vikapu. Tumeshaona mwingine wa dawa ya minyoo akianza hivi hivi.

Mkulima wa Gunia, saa 3:57
Hata mimi nilishangaa. Zahanati hawakusema ni nini?

Dada wa Kasarani, saa 4:01
Jamani, kama ni tangazo basi ni la ajabu. Nani anauza chombo kwa kusema kimetapisha watu?

Shahidi wa Mbali, saa 4:05
Atakuja mwenzake na kikapu "bora zaidi". Subirini.

Mama Kiondo, saa 4:18
Siuzi kitu. Kikapu cha kwanza alikishona mama yangu, Machakos, na amekipikia miaka mingi kabla yangu. Nimejiunga leo kwa sababu leo ndio nimerudi na ndoo mbili za githeri ambayo haikuliwa, nimepanda nazo ngazi orofa tatu, na sikuwa na mtu wa kumwambia. Kama hamniamini basi nifungieni.

Mpishi wa Shule, saa 4:26
Usiondoke. Nina maswali matatu ambayo mtunga hadithi hawezi kuyajibu. Jana asubuhi ulipofungua kikapu, maji yalikuwa moto kiasi gani? Punje ya haragwe ukiipasua kwa ukucha, ndani ilikuwaje? Na wewe mwenyewe ulikula?

Mama Kiondo, saa 4:49
Nilitia kidole. Kiliweza kukaa, niliweza kuhesabu mpaka kumi hivi. Mfuniko haukuwa na jasho, na Jumatatu ulikuwa ukidondosha. Ni wairimu, ile midogo myekundu. Ganda lilikuwa laini likateleza, lakini katikati kulikuwa na kiini cheupe kilichokatika kama chaki. Mahindi yalikuwa sawa. Nilijiambia yataendelea kuiva njiani ndani ya ndoo.

Sikula. Jumatatu ndiyo niliyokula.

Na niseme lote. Ya Jumatatu niliichemsha Jumapili nikiwa nyumbani, saa nzima, katika sufuria ya zamani iliyojaa hadi shingoni. Ya Jumanne nilitumia hii mpya ya lita 30 na haikufika hata nusu. Sikuloweka. Makaa nilikuwa nikiyabakiza kwa chai ya asubuhi, kwa hiyo ilipoanza tu kutoa mapovu nikaiepua nikaitia kikapuni.

Mpishi wa Shule, saa 4:53
Huyu amepika. Kiini cha chaki hakitungwi.

Nesi Mstaafu, saa 5:07
Nimekuwa nikisoma tangu mwanzo. Mama, si tangi na si nyanya. Maharagwe mabichi yana sumu yake ya asili, na mekundu ndiyo yenye nyingi zaidi. Punje nne au tano ambazo hazijaiva zinatosha kumlaza mtu mzima. Dalili zinakuja saa moja hadi tatu baada ya kula: kichefuchefu, kutapika kwa nguvu, halafu kuhara, na wengi hupata nafuu siku hiyo hiyo. Ni kama ulivyoeleza, hata kusimama kwao jioni.

Sumu hiyo inavunjwa na maji yanayochemka kwelikweli. Joto la vuguvugu haliivunji, na maharagwe yakikaa muda mrefu chini ya nyuzi 80 yanaweza kuwa na sumu zaidi kuliko yalipoingia mabichi. Sufuria yako iliyalaza humo usiku kucha.

Kikapu hakina kosa. Kinalinda joto ulilokipa, hakiongezi. Loweka angalau saa tano, usiku kucha ni bora, mwaga maji, tia mapya, uyachemshe yakiruka. Wataalamu wanataja dakika kumi za kuchemka kwa nguvu. Bi Majengo amekuambia kuhusu mwinuko: maji ya Nairobi yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, kwa hiyo mimi ningechemsha nusu saa bila kubania dakika. Hapo ndipo kikapu kianze kazi, na sufuria ijae, kwa sababu nafasi tupu chini ya mfuniko inakula joto. Ukifungua asubuhi kidole kisiweze kukaa. Pasua punje kumi kutoka chini, juu na katikati. Kabla ya kupakua chemsha tena, maana chakula kikikaa vuguvugu muda mrefu kinazalisha vijidudu vingine.

Na ukiwasha makaa chumbani fungua dirisha na mlango. Hewa yake mbaya haina harufu.

Shahidi wa Mbali, saa 5:15
Mama Kiondo, nisamehe. Nilikosea na nilikusemea vibaya mbele za watu. Mama mdogo wangu anapikia wafanyakazi Embakasi na mimi ndiye niliyemnunulia kikapu mwaka jana. Nimempigia sasa hivi. Yeye pia alikuwa haloweki.

Mama Kiondo, saa 5:22
Sijakasirika. Lakini Nesi, nusu saa ya moto mkali kwa sufuria ya watu 40 ni makaa mengi. Nikihesabu, shilingi 70 haibaki na kitu. Nilifanya hivi ili makaa yapungue.

Mpishi wa Shule, saa 5:30
Yamepungua. Bila kikapu ungechemsha saa tatu. Usitake kuiokoa ile nusu saa pia. Na maharagwe chemsha peke yake kwanza, mahindi yana mwendo wake. Kama makaa hayatoshi, pika ndengu siku mbili kwa wiki, zinaiva upesi, halafu wali wa kikapuni. Watu 40 Jumatatu usiwachukue. Mwambie kontrakta wiki mbili.

Mama Kiondo, Alhamisi saa 1 jioni
Nimekwenda leo mjengoni bila chakula, nimewarudishia siku mbili, shilingi 3,080. Aliyepelekwa zahanati nimemlipia dawa. Nilidhani watanifukuza. Fundi mmoja mzee alisema afadhali nimekuja mwenyewe, akaniuliza kesho ni nini. Nimesema ndengu na chapati. Kumi na sita wamesema watakula, sita wameomba wangoje waone. Kontrakta hakufurahi na wiki mbili lakini amekubali. Githeri itarudi Jumatatu, kwa hao hao 22, katika sufuria ya zamani.

Nimeloweka kikombe kimoja cha wairimu cha kujaribia mwenyewe kesho kabla ya yote. Ngozi zimeanza kukunjamana. Bi Majengo, ile tangawizi inaingia kabla ya kumwaga maji au baada?

Bi Majengo, saa 1:20
Baada, mwanangu. Ukiitia kabla utaimwaga nayo.