"Amefika jana" na "has arrived yesterday"

Muuliza-Mbale: Habari za humu, walimu. Wanafunzi wa Senior Tatu wanaandika "The bus has left Kampala yesterday" na wanakatwa alama. Kwa Kiswahili cha mtaani "basi limeondoka jana" inapita bila shida. Ile kanuni ya "-me- ni have, -li- ni -ed" inavunjikia wapi?

KalamuNyekundu: Inavunjikia kwenye neno la wakati. "Has left" haikai na wakati uliokwisha: yesterday, last week, in 2012, two minutes ago. Sentensi ikishajibu "lini?", andika "left". Ndiyo maana "When has he come?" nayo ni kosa; sema "When did he come?"

Linganisha: "Stephen Kiprotich won the Olympic marathon in 2012." Mwaka umetajwa, mlango umefungwa. "Uganda has won Olympic gold more than once." Hapa hesabu bado iko wazi, kesho inaweza kuongezeka.

Sarufi256: Wanaofikiri kwa Luganda wana mtego wao. Luganda hutenganisha yaliyopita karibuni na ya zamani, basi mtu anadhani "have" ni ya karibuni. Kiingereza hakipimi umbali. "He left a minute ago" ni sahihi, ingawa hata vumbi halijatua.

Kipimo ninachokiamini zaidi: kanusha sentensi kwa Kiswahili. "Hajafika jana" inakwaruza sikio. Utasema "hakufika jana". Ikidai -ku-, tumia "didn't", na ukiirudisha kwenye kukubali, "arrived". Ikikubali -ja-, kama "sijala", ni "I haven't eaten". Kiambishi -me- kinadanganya, -ja- ni mkweli.

KalamuNyekundu: Kweli, na -me- ina uongo mwingine: mara nyingi inataja hali ya sasa, si tendo. Amelala ni "he is asleep". Amevaa koti, "he is wearing a coat". Nimechoka, "I am tired". "He has worn a coat" kwa mtu aliye mbele yako ni kosa la kila siku.

Angalieni pia muda. "I have lived in Mbale for three years" maana yake bado unakaa huko. "I lived" ulishahama. Na "I am here since Monday" ifutwe: "I have been here since Monday".

Muuliza-Mbale: Kipimo cha -ja- nimekielewa. Lakini "hajaja leo" na "hakuja leo" zote zinakubalika. Tufanyeje?

Sarufi256: Kiingereza nacho kinakubali zote mbili. Saa tatu asubuhi, masomo yakiendelea: "She hasn't come today", huenda akatokea. Saa kumi na moja jioni, kengele ya kutoka imeshalia: "She didn't come today".