Mara kumi na moja! Nimehesabiwa safari za chooni mbele ya mama mkwe, katikati ya jangwa

Mla Ubwabwa (mwanzisha uzi)

Wakuu, sijalala. Begi sijafungua, mchanga bado uko kwenye soksi, naandika hapa sebuleni Phoenix na hasira imenikaba kooni. Mods, msiuhamishie uzi huu jukwaa la utani. Hakuna utani hapa.

Yule jamaa mnamjua. Simtaji. Yule anayeanzisha kila kikundi cha WhatsApp na kila kikundi yeye ndiye mwenyekiti, mweka hazina na mlalamikaji mkuu. Safari hii alinunua filimbi. Haya, mmeshamjua.

Basi akatupangia tukodi boti-nyumba Ziwa Powell, kule mpakani mwa Arizona na Utah. Watu kumi na wawili, siku nne, dola mia sita kila kichwa, mafuta mbali. Kwa ambao hawajaiona, ni nyumba kabisa wameiweka juu ya matishali: jiko, friji, sebule, mtelezo wa kushukia majini kutoka darini, na vyoo viwili. Kimoja kiligoma kabla hata hatujaiacha Wahweap, gati tulikokodia. Kumbukeni hilo. CHOO KIMOJA, watu kumi na wawili.

Siku ya kwanza akapuliza filimbi, akatukusanya, akahutubia. Hili ni jangwa, nyuzi joto zimepita arobaini, kila mtu anywe galoni nzima ya maji kwa siku, hata askari wa hifadhi ndivyo wanavyoshauri. Galoni ni karibu lita nne. Mimi ni mtu mtiifu. Nikanywa.

Siku ya tatu asubuhi, chai iko mezani, taa nyekundu ya tangi la choo ikawaka. Limejaa. Kule ni hifadhi ya taifa, na maji yale yanateremka mpaka yanakonywewa na watu wa Las Vegas, humwagi hata tone. Unabeba uchafu wako mpaka gatini. Na gati liko mbali, na boti ile inakwenda kama kobe aliyetoka msibani.

Filimbi. Tukapanda darini wote, na watoto. Mama mkwe wangu yupo, ametoka Moshi wiki mbili tu, ndiyo mara yake ya kwanza Marekani. Mashemeji wapo. Jamaa akatoa daftari. DAFTARI, wakuu! Akalamba kidole, akafunua ukurasa, akasema: "Nimefanya utafiti. Tangu tung'oe nanga, huyu bwana ameingia chooni mara kumi na moja."

Mara kumi na moja.

Sasa sikilizeni. Tulikuwa tumeegesha ndani ya korongo, kuta za mwamba mwekundu pande zote. Mule ukisema kitu, mwamba unakisema tena. "Kumi na mojaaa... na moja... na moja... moja." Korongo zima likanitangaza. Ng'ambo kulikuwa na boti ya Wazungu, Kiswahili hawajui, lakini yule kiumbe alikuwa anaonyesha kwa vidole: kumi, halafu kimoja. Wakanipungia mkono!

Mama mkwe akavuta ncha ya kitenge akaziba mdomo, akageukia ukutani. Kule miamba ina utando mweupe pale maji yalipofika zamani kabla ziwa halijashuka, kama sufuria lililosahauliwa jikoni. Akaukazia macho ule utando kama anatafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Kutoka Page, mji ulio jirani na ziwa, hadi Phoenix ni saa nne na ushee, na njia nzima aliniambia neno moja tu. "Pole."

Pole ya nini, mama? Ya tumbo?

Na yule jamaa alijuaje hesabu? Alijitolea kulala kwenye kochi lililo mbele ya mlango wa choo. Sisi tukasema jamani ana moyo, ameacha vyumba kwa wenye watoto. Kumbe yuko lindoni.

Mimi ndiye niliyechimba mashimo ya nanga! Boti ile hufungi kwenye gogo. Unaisogeza mpaka pua ipande ufukweni, kisha unazika nanga mchangani huku na huku, shimo linakufika kiunoni. Nimechimba manne, jua la saa saba, yeye kakaa kivulini anapuliza filimbi ya "kushoto kidogo". Hilo kwenye daftari halimo. Pilau la watu kumi na wawili nimepika mimi, halimo. Kilichomo ni kumi na moja.

Ningeeleza zaidi lakini nikikikumbuka kile kidole cha mwisho, mkono unatetemeka.

Kiti cha Mbele

Nimeshakaa. Karanga ninazo.

Dada wa Dallas

Subiri, yule wa filimbi? Mbona huyo yuko huku kwetu? Si ndiye aliyesoma majina ya wasiotoa mchango wa harusi pale pale ukumbini, keki ikiwa mezani?

Baridi Kali

Hapana, huyo mnayemsema yuko Minneapolis. Ana daftari la kijani.

Mla Ubwabwa

La kijani! Ndiyo! La kijani!

Baridi Kali

Basi pole sana mkuu. Mimi mle nimeandikwa vijiko vitatu vya sukari.

Shangazi Mkweli

Mwanangu, pole, lakini tuongee kama watu wazima. Siku tatu, kumi na moja. Wewe hukuona ni nyingi?

Mla Ubwabwa

Shangazi, GALONI! Aliniamuru mwenyewe ninywe galoni! Yanakwenda wapi?

Shangazi Mkweli

Nauliza tu.

Mwalimu Mstaafu

Kwanza tuweke kumbukumbu sawa. Hilo mnaloliita ziwa ni bwawa, maji ya mto Colorado yaliyozuiwa na ukuta wa Glen Canyon. Milango ilifungwa 1963 na maji yakajaa mpaka juu kwa mara ya kwanza 1980, yaani miaka 17. Jina ni la John Wesley Powell, aliyeshuka mto huo kwa mashua mwaka 1869 akiwa na mkono mmoja, mwingine aliupoteza vitani.

Chapati Mbili

Ziwa lilichukua miaka 17 kujaa. Tangi lenu siku tatu. Mla Ubwabwa wewe ni mradi wa kitaifa.

Kiti cha Mbele

Nimeanguka kwenye kiti.

Mtoto wa Kisauni

Na huyo Powell ndiye angefaa kuwa mwenyekiti wenu. Kwa mkono mmoja angekuonyesha tano tu.

Mla Ubwabwa

Chekeni. Hamkuwepo. Hamkuuona uso wa mama mkwe. Kumi, halafu akakusanya vidole vyote, akakiinua kimoja POLEPOLE. Kama refa anatoa kadi.

Fundi Jenereta

Mimi sicheki, nina swali la maana. Mlipokuwa mmeegesha, jenereta inawaka, watoto walikuwa wanaogelea nyuma ya boti? Moshi wa jenereta na injini una kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi. Inajikusanya pale nyuma kwenye ngazi ya kuogelea na chini ya jukwaa. Ziwa hilo hilo limeshaua watu kwa namna hiyo, tena nje kwenye hewa ya wazi, mtu kashika ngazi tu anapiga soga. Mwenyekiti aliyetoa hotuba ya maji alipaswa kutoa hiyo kwanza.

Mla Ubwabwa

Hakusema neno. Alikuwa anahesabu.

Fundi Jenereta

Basi huyo si wa kumchekea. Zimeni jenereta na injini kwanza ndipo watu waingie majini. Na kila chumba kiwe na king'ora chake.

Chapati Mbili

Fundi umeleta msiba kwenye harusi.

Baba Wawili

Mimi nimekwenda ziwa hilo mwaka jana na malalamiko yangu ni makubwa kuliko hayo ya choo. Saa! Arizona hawasogezi saa wakati wa kiangazi, Utah wanasogeza. Wanavajo, wenyeji wa asili wa huko, wanasogeza hata kwenye ardhi yao iliyo ndani ya Arizona. Sasa wewe uko majini katikati, simu yenyewe haina mtandao, inaokoteza mnara mmoja ikiwa juu ya wimbi na mwingine ikiwa chini. Yangu ilikuwa saa nne, nikageuka kuchukua chumvi, saa tano. Tulikuwa turudishe boti Bullfrog, upande wa Utah, tukafika tunacheka tuna saa nzima mkononi. Tukakatwa hela ya kuchelewa. Mpaka leo nikiona saa ya ukutani nasikia kichefuchefu.

Mla Ubwabwa

Baba Wawili, hela itarudi. Heshima je?

Baba Wawili

Mkuu, wewe umehesabiwa bure. Mimi nimelipia.

Mdau Mpya (amejiunga leo)

Mimi simfahamu mtu yeyote anayezungumziwa hapa. Ila kwa faida ya wasomaji, hesabu sahihi ilikuwa kumi na tatu. Mbili zilisamehewa.

Kiti cha Mbele

KUMEKUCHA.

Dada wa Dallas

Karibu jukwaani mwenyekiti. Umekuja na filimbi?

Mla Ubwabwa

WEWE! Ulisema kumi na moja mbele ya watu! Sasa unaongeza?

Mdau Mpya (amejiunga leo)

Narudia, simfahamu mtu yeyote. Lakini ukisoma mkataba wa kukodi, tangi linahesabiwa kwa mwagiko, si kwa mtu. Na kuna mtu alikuwa anashikilia kitufe cha maji kwa muda mrefu kama anazima moto. Hilo nalo limeandikwa.

Shangazi Mkweli

Enhe. Hapo sasa tunaanza kuelewana.

Mtoto wa Kisauni

Bana, nyinyi angalau mlifika. Sisi huku trip ya Diani iko kwa group tangu 2019. Kuna treasurer, kuna secretary, kuna mtu wa kununua mkaa. Hatujawahi kutoka hata Mtwapa. Mwaka jana tumechanga za kumwona treasurer hospitali, tena pesa ikatoka kwa hiyo ya Diani. Naskia mtu akilia juu ya choo cha boti nashangaa. Mimi ningehesabiwa hata ishirini bora niwe kwa maji.

Mwana wa Muscat

Huku Oman tuna wa kwetu pia. Kawaandaa watu kutoka Muscat mpaka Khasab, Musandam, tupande jahazi tuzunguke zile khori za milima, tuone pomboo. Uzuri wa mahali si wa kusimulia, mlima mkavu unaingia baharini wima. Pomboo wakaja kweli. Bwana akawasha spika ya taarab hata nahodha akaziba masikio, pomboo wakapiga mbizi, hatukuwaona tena. Tulipomlaumu akasema pomboo wa huku hawajui muziki.

Chapati Mbili

Kumbe huyu mtu yupo kila nchi. Kama kifurushi cha intaneti.

Mla Ubwabwa

Jamani nilikuwa sijamaliza. Mpango wa siku ya tatu ulikuwa twende Rainbow Bridge, lile daraja la mwamba ambalo halikujengwa na mtu, mita themanini na kitu kwenda juu, Wanavajo wanaliheshimu kama mahali patakatifu. Mama mkwe ndilo pekee alilokuwa analitaka. Hatukwenda! Tuligeuza boti kukimbizia tangi! Kwa hiyo sasa kwa mama mkwe mimi ni mkwe aliyemkosesha daraja kwa sababu ya...

Kiti cha Mbele

Malizia sentensi.

Mla Ubwabwa

Simalizii.

Baridi Kali

Swali nje ya mada. Chakula mlihifadhije kwenye joto lile? Friji ya boti inatosha watu kumi na wawili?

Mla Ubwabwa

Haitoshi. Tulikuwa na madeli mawili ya barafu. Naomba turudi kwenye mada.

Dada wa Dallas

Madeli! Asante kwa kunikumbusha. Kuna mtu humu ndani, jina nalihifadhi, aliazima deli langu la bluu Eid ya mwaka jana kwenye ile nyama choma ya bustanini. Deli la magurudumu. Mpaka leo.

Baba Wawili

Dada, kama unanisema mimi, deli nililirudisha. Niliacha kibarazani.

Dada wa Dallas

Ulirudisha bila mfuniko.

Baba Wawili

Lilikuja bila mfuniko!

Dada wa Dallas

Lilikuja na mfuniko na stika ya Simba juu yake. Picha ninazo.

Chapati Mbili

Weka picha.

Mdau Mpya (amejiunga leo)

Kwa kumbukumbu zilizopo, siku hiyo ya Eid mfuniko ulionekana mara ya mwisho saa kumi jioni, umetumika kukatia nyanya.

Dada wa Dallas

Nani alikuwa anakata nyanya?

Mla Ubwabwa

Wakuu. Mada. Kumi na moja. Mama mkwe. Korongo.

Shangazi Mkweli

Mwanangu subiri kidogo, la mfuniko halijaisha. Baba Wawili, nyanya alikuwa anakata nani?

Baba Wawili

Mke wangu. Lakini kisu kilikuwa cha Dada wa Dallas, na hicho kisu nacho nina la kusema.