Mkono ulilegea dakika 20 kisha ukarudi: nimpe aspirini au nimtume hospitali?

DukaDawaMuhimu, saa 4:05 asubuhi
Wakuu wa tiba, naomba msaada wa haraka. Nina mzee wa miaka 66 hapa dukani, ni mgonjwa wa presha. Leo saa mbili na nusu akiwa anakunywa chai, kikombe kilimponyoka, mkono wa kulia ukalegea, maneno yakawa mazito. Kama dakika 20 hivi vyote vikaisha. Sasa anatembea na kuongea, presha nimepima 168/96. Kisukari hajawahi kupima. Mwanawe anasema ni uchovu, anataka aspirini ya "kuyeyusha damu" warudi nyumbani. Nimpe? Nimshushe presha? Na nimwelezeje mwanawe, maana machoni pake baba keshapona?

Dkt_Neva, saa 4:12
Aende leo, tena sasa. Hicho ni kiharusi cha muda mfupi, kwenye faili tunaandika TIA. Donge la damu limeziba mshipa wa ubongo, yaelekea upande wa kushoto, kwa kuwa kilicholegea ni mkono wa kulia, unaoongozwa na upande huo, na maneno yameguswa. Likayeyuka au likasogea kabla seli hazijafa. Mwili unaweza kuyeyusha donge dogo peke yake. Shida ni kwamba pale lilipotokea pako vilevile: labda mafuta yaliyoganda na kuchanika ukutani mwa mshipa wa shingo, labda moyo unaodunda bila mpangilio, labda mishipa midogo ya ubongo iliyochoshwa na presha ya miaka. Donge la pili halina sababu ya kuwa dogo kama la kwanza.

Mwanawe mpe hesabu. Kabla matibabu ya haraka hayajazoeleka, karibu mgonjwa 1 kati ya 10 alipata kiharusi kamili ndani ya siku 90, na nusu ya hao walipata ndani ya siku 2 za kwanza. Huko Oxford, utafiti uliotoka 2007 ulionyesha kwamba wagonjwa walipoonwa na kuanzishiwa dawa mara moja, idadi hiyo ilishuka kutoka kama 10 kwa 100 hadi 2 kwa 100. Dawa zilikuwa zilezile za siku zote. Kilichopungua ni kusubiri.

Tuna alama tunazojumlisha kukadiria hatari hiyo: umri wa miaka 60 na zaidi 1, presha 140/90 na zaidi 1, udhaifu wa upande mmoja 2 (maneno kukwama bila udhaifu 1), dalili za dakika 10 hadi 59 1, saa nzima na zaidi 2, kisukari 1. Mzee wako ana 5 kati ya 7. Lakini mwenye alama 2 naye asirudishwe nyumbani, kwa sababu alama hazioni moyo wala mshipa wa shingo.

Nesi_Dharura, saa 4:16
Kabla hajatoka hapo:

Pima sukari. Ikishuka sana huiga kiharusi kabisa, hadi mkono kulegea. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, irekebishe kwanza, ila usimnyweshe kitu mtu anayepaliwa au anayetokwa na mate upande mmoja.

Usimshushe presha. Nifedipini ya kuweka chini ya ulimi ndiyo inayoniuma zaidi, bado kuna wanaoitoa. Presha ikiporomoka ghafla, sehemu ya ubongo inayopata damu kidogo inakosa hata hiyo kidogo. 168/96 kwa leo iache ilivyo.

Kisha hakikisha kweli amerudi sawa. Mwambie atabasamu aonyeshe meno, uangalie kama mdomo unavutika upande mmoja. Anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja juu, afumbe macho, uhesabu hadi 10. Mkono dhaifu hauanguki kwa kishindo. Kiganja kinaanza kugeukia ndani, ndipo mkono unashuka polepole, na mgonjwa mwenyewe hana habari. Halafu arudie sentensi ndefu kidogo baada yako.

DukaDawaMuhimu, saa 4:19
Nafanya sasa hivi. Na aspirini?

Mfamasia_Wodini, saa 4:27
Kwanza, aspirini haiyeyushi donge lililopo. Inazuia chembe sahani zisishikane kutengeneza jingine. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unaruhusu miligramu 300 mara moja kwa anayeshukiwa TIA ambaye dalili zimeisha zote, akiwa njiani kwenda kuonwa. Vidonge 4 vya 75 vinafikia hapo. Kabla ya kutoa uliza: anatumia wafarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda? Ana vidonda vya tumbo, kinyesi cheusi? Aliumia kichwa? Kichwa kilimuuma vikali au alitapika? Likiwepo hata moja, acha.

Dalili ikibaki hata kidogo, usimpe kabla ya CT, yaani picha ya ndani ya kichwa. Ubongo unaovuja damu nao hulegeza mkono vilevile.

Hospitali ikithibitisha, huwa wanaandika aspirini pamoja na klopidogreli (nayo huzuia chembe sahani kushikana) kwa siku 21, kisha moja tu inaendelea, na atorvastatini ya kushusha mafuta ya damu juu yake. Hapa maduka ya dawa tunakosea: mgonjwa anarudi na cheti kilekile miezi mitatu, anauziwa zote mbili. Baada ya wiki tatu hizo, hatari ya kutokwa na damu inaendelea kupanda na kinga inayoongezeka ni ndogo mno.

Dkt_Neva, saa 4:31
Mfamasia yuko sahihi kwa mwongozo. Mimi ningekuwa mgumu zaidi: huku kwetu viharusi vya kuvuja damu ni vingi kuliko Ulaya, na presha nyingi hazijadhibitiwa. Kama CT inapatikana leo, aspirini ingoje daktari atakayemwona.

Picha_na_ECG, saa 4:36
Familia waambiwe mapema: CT ikitoka safi haimaanishi hakuna kitu. TIA kwa kawaida haiachi alama kwenye CT. Tunaipiga kuondoa shaka ya damu. Wengi wanaishia hapo na kurudi nyumbani. Bado kuna ECG, kipimo cha umeme wa moyo, na kwa kuwa karatasi ile inanasa sekunde 10 tu, moyo unaokosea mdundo mara mojamoja unaweza kupita, hivyo waulizie kipimo cha kuvaa saa 24. Bado kuna dopla (kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha damu inavyopita) ya mishipa ya shingo. Mshipa ukikutwa umebana sana upande unaohusika, upasuaji una faida kubwa ukifanyika ndani ya wiki 2.

DukaDawaMuhimu, saa 4:40
Sukari 9.8. Tabasamu sawa, sentensi sawa. Ila nilipofika 6, kiganja cha kulia kiligeuka, mkono ukashuka kama inchi tatu. Nimerudia, hivyohivyo.

Dkt_Neva, saa 4:42
Basi hajapona, huyo mtibu kama kiharusi kamili. Aspirini hapana. Asile wala asinywe. Piga simu hospitali ya rufaa yenye CT wajiandae, maana dawa ya kuyeyusha donge, pale inapopatikana na ikionekana inamfaa, hutolewa ndani ya saa nne na nusu. Kwake mwisho ni saa saba mchana. Gari, siyo bodaboda, na mwanawe aende naye. Kwenye barua andika: mara ya mwisho kuonekana mzima saa 2:30, presha 168/96, sukari 9.8, mkono wa kulia unashuka, majina ya dawa zote anazotumia, na kwamba hujampa aspirini.