Upimaji wa wanafunzi katika shule ndogo: vishikwambi na Kolibri, au karatasi zinazosahihishwa kwa simu?

Mwalimu_Kitulo (mleta mada)
Wanajukwaa, habari za majukumu. Ninaongoza shule ndogo ya msingi wilayani Makete. Wahitimu wetu waliopo Mbeya na Dar es Salaam wametuchangia fedha, nao wameomba zitumike kuboresha upimaji wa wanafunzi. Kamati ya shule inakutana mwishoni mwa mwezi huu na inatarajia niwasilishe pendekezo moja. Nimebakiwa na njia mbili. Ya kwanza ni kununua vishikwambi pamoja na kompyuta moja yenye programu ya Kolibri, ili wanafunzi wajibu maswali humo. Ya pili ni kununua simu janja yenye kamera nzuri na printa, kisha tusahihishe karatasi za majibu kwa ZipGrade, programu ya simu inayosahihisha kwa kupiga picha. Naomba wenye uzoefu mnieleze ipi inafaa zaidi.

Mama_Taaluma_Mafinga
Mwalimu Mkuu, pole na kazi. Umetuachia nusu ya habari. Mna wanafunzi wangapi na walimu wangapi? Umeme ni wa gridi au wa sola? Mtandao unapatikana shuleni au mpaka mtu apande mlima? Zaidi ya yote, mnataka kumpima nani? Mtoto wa darasa la pili anayejifunza kuunganisha silabi hapimwi kwa chombo kile kile cha mtoto wa darasa la sita.

Fundi_Mwanjelwa
Mimi nasimama na Kolibri bila kusita. Imetengenezwa na shirika la Learning Equality kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti: masomo na maswali yote hukaa ndani ya kompyuta moja, hata ile ndogo ya Raspberry Pi, na vishikwambi huungana nayo kwa waifai ya humo humo darasani bila kutumia bando. Mwalimu hufungua ukurasa wake akaona ni swali lipi limewashinda wengi. Jambo hilo karatasi haiwezi kukupa siku hiyo hiyo.

Mwalimu_Tukuyu
Ndugu Fundi, karatasi inaweza, na ndiyo maana tunatumia ZipGrade kwa darasa la tano na la sita. Simu inapiga picha karatasi ya majibu, alama zinatoka hapo hapo, na programu inaonyesha pia ni swali lipi limekosewa zaidi. Inafanya kazi bila intaneti, na toleo la bure linaruhusu karatasi 100 kwa mwezi. Tahadhari yangu ni moja: kamera lazima ione vizuri miraba minne ya pembeni. Huku Rungwe masika yakikolea karatasi hulowa unyevunyevu na kujikunja, na darasa huwa na giza, hivyo tunasahihishia dirishani.

Mjumbe_Kilolo
Naomba mnivumilie, kwa kuwa jambo hili liliniumiza. Mimi ni mzazi na mjumbe wa kamati katika shule nyingine, wala sitaitaja kampuni. Walikuja wakiwa na vishikwambi vilivyokwisha kuwekewa programu yao ya mitihani, wakatuonyesha grafu za rangi, nasi wazazi tukakubali kuchanga. Muhula wa kwanza ulikwenda vizuri. Watoto walifurahi na walimu walipumua. Ada ya leseni ilipokwisha, tuliambiwa tulipe upya kwa bei ya juu zaidi, na tuliposema hatuna, akaunti ikafungwa pamoja na kumbukumbu zote za alama. Mwalimu wa taaluma hakuwa ameziandika kwenye daftari, kwa sababu watu wa kampuni walikuwa wamemhakikishia kwamba daftari halihitajiki tena. Alama za mwaka mzima zilipotea, na wazazi walipouliza maendeleo ya watoto wao hapakuwa na cha kuwaonyesha. Vishikwambi navyo vilikuwa vimefungwa kwa namna ambayo hatukuweza kuweka programu nyingine. Kabla hujanunua chochote, Mwalimu Mkuu, uliza kama alama zinaweza kutolewa na kuhifadhiwa nje ya programu, na uone jambo hilo likifanyika mbele ya macho yako.

Mwalimu_Kitulo
Ahsanteni, na samahani kwa ufupi wa maelezo yangu. Tuna wanafunzi 138 na walimu watano. Paneli ya sola iko ofisini tu, na mwezi wa sita na wa saba ukungu hukaa hadi mchana, hivyo betri haijai. Mtandao hupatikana mlimani, nyuma ya uwanja wa mpira. Kinachonikosesha usingizi ni watoto wanaofika darasa la tatu hawajui kusoma.

Mama_Taaluma_Mafinga
Basi njia zote mbili haziligusi tatizo lako. Kusoma kunapimwa kwa kumsikiliza mtoto akisoma kwa sauti, mmoja mmoja. Ipo programu ya Tangerine ya shirika la RTI International, iliyotengenezwa kwa upimaji wa namna hiyo: mtoto anasoma kwa dakika moja, mwalimu anagusa maneno aliyokosea, na hesabu inajitokeza, hata pasipo mtandao. KoboCollect, programu ya kujazia fomu za taarifa, nayo huhifadhi fomu kwenye simu hadi utakapofika penye mtandao. Walimu wako huenda tayari wana vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022. Anza na hivyo, na fedha za wahitimu zinunue betri na vitabu vya hadithi.

Mwalimu_Tukuyu
Mama Taaluma, kwa heshima zote, kwa walimu watano kumsikiliza kila mtoto ni mzigo mkubwa. Halafu mtihani wa kumaliza elimu ya msingi wenyewe una karatasi za kutia kivuli kwenye herufi ya jibu, kwa hiyo watoto wazoee mapema.

Mama_Taaluma_Mafinga
Kuzoea kutia kivuli si kujifunza. Ninawaona watoto wanaochagua herufi sahihi na hawawezi kuandika sentensi tatu kuhusu shamba la nyumbani kwao. Na hao 138 si wote wa kusikilizwa. Chukua darasa la pili na la tatu tu, watoto wachache kila asubuhi.

Mdau_Njombe
Naongeza jambo ambalo halijaguswa. Tangu ipitishwe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taarifa za watoto si za kupakia popote. Kabla ya kuweka majina na alama kwenye seva ya nje ya nchi, wazazi waelezwe na waridhie. Kwenye simu tumieni namba badala ya majina.

Fundi_Mwanjelwa
Hapo Kolibri inashinda tena, kwa kuwa alama hubaki shuleni. Ila kwa sola moja yenye ukungu, nakubali vishikwambi vingi vitakusumbua. Kama mtachukua printa, chagueni ya wino wa kujaza kwenye tangi, kwa sababu zile za katriji zitawamalizia fedha.

Mwalimu_Kitulo
Nimeelewa, nami nitawauliza walimu kesho ni vishikwambi vingapi vya sensa bado vinawaka. Fundi, hiyo printa ya tangi inatumia wati ngapi, na inaweza kuendeshwa na inveta ndogo ya ofisini?

Mwalimu_Tukuyu
Ya kwetu inaendeshwa na inveta bila shida. Lakini msiiache bila kuchapa likizo nzima, kwani wino hukauka kwenye kichwa cha kuchapia na kukisafisha kunakula wino mwingi.